Umeme umefika kwenye taa, haujafika kwenye chungu (Pemba: kuni, mashamba na bonde linaloingia chumvi)

Mwana wa Mkanyageni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika skuli moja ya sekondari, Kusini Pemba. Wiki iliyopita nilichora ubaoni ule mchoro unaofundishwa kila mahali: nchi ikiwa maskini mazingira yake yametulia, ikianza kukua inayachafua, ikishatajirika inarudi kuyasafisha. Umbo lake ni kama kilima. Nilipoweka chaki chini, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, sisi Pemba tupo upande gani wa kilima?"

Sikuwa na jawabu. Nikamwahidi wiki ijayo, na wiki yenyewe ndiyo hii.

Nianze na ninachokijua kwa macho yangu. Mama yangu alikuwa na jaa lake la mpunga, yaani kipande chake cha shamba, katika bonde linaloteremka hadi pwani. Tukiwa wadogo tukiamka alfajiri kwenda kuamia ndege kabla ya skuli. Upande wa bahari palikuwa na mikoko mizito, ukiingia ndani husikii hata upepo. Leo bahari unaiona ukiwa umesimama juu bondeni. Bamvua likija, maji yanapanda hadi kwenye mpunga, na yakirudi yanaacha ukoko mweupe juu ya udongo. Mbegu inaota, inageuka manjano, inakufa. Sehemu ya chini mama ameshaiacha. Wanaoijua Kisiwa Panza wanajua nasema nini, huko mambo haya yalianza kuonekana zamani.

Mikoko ilikwenda wapi? Mingine ilikwenda kuwa boriti. Mingine iliingia katika tanuri za chokaa: unapanga magogo, unapanga mawe juu, unawasha moto unaokesha, unapata chokaa ya kujengea. Na mingine mingi ilipikiwa. Najua bahari nayo imepanda na jua limezidi, na sitaki kumbebesha mkata kuni dhambi ya dunia nzima. Lakini tulikuwa na ukuta baina yetu na bahari, tukaupikia wali.

Sasa linaloniumiza kichwa ni hili. Mwaka 2010 tuliletewa waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa kinategemea majenereta ya dizeli pale Wesha. Furaha ya mwaka ule naikumbuka. Nilidhani, na sikuwa peke yangu, kwamba umeme ukifika na kuni zitapumzika. Juzi nikauliza darasani: nani kwao wana umeme? Mikono mingi ikapanda. Nani jana usiku kwao walipikia umeme? Hapana mkono hata mmoja.

Umeme umetuletea taa, runinga, chaji ya simu, friji la barafu. Chungu kimebaki pale pale kwenye mafiga. Tumekua kiuchumi, nyumba za bati na matofali zimejaa, lakini moto wa jikoni ni ule ule wa bibi zetu, na wapishi wamezidi.

Naomba mnisaidie kumjibu yule kijana.

Mchumi wa Vuga

Wa alaykum salaam Mwalimu. Swali zuri mno, nami nimelisomea, basi niseme kidogo.

Huo mchoro unaitwa mkunjo wa Kuznets, ingawa Simon Kuznets mwenyewe hakuzungumzia mazingira. Mwaka 1955 alizungumzia pengo la kipato baina ya matajiri na maskini. Waliouhamishia kwenye mazingira ni Wamarekani wawili, Grossman na Krueger, mwaka 1991. Walipima hewa ya mijini katika nchi nyingi, salfa dioksidi na moshi, wakaona uchafu unapanda pamoja na kipato kisha unaanza kushuka pato la mtu likifika baina ya dola 4,000 na 5,000 kwa mwaka, kwa thamani ya dola ya 1985.

Sisi tuko mbali sana na hapo. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiingiza Tanzania katika kundi la kipato cha kati cha chini, kwa pato la dola 1,080 kwa mtu. Na kwa hewa ya ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania hafikishi hata nusu tani kwa mwaka, wakati wastani wa dunia umepita tani 4. Kwa hiyo ukimjibu kijana kwa mchoro ule, mwambie tupo chini kabisa, kushoto, hatujaanza hata kupanda.

Mimi nina matumaini. Wenzetu walipanda kilima kwa viwanda vya makaa ya mawe. Sisi uchumi wetu unakua kwa utalii, usio na dohani. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni 638,498, na 2024 wakafika 736,755. Pesa hizo zikiingia mifukoni mwa watu, gesi itanunulika na kuni zitaachwa wenyewe, bila ya kufukuzana na mtu msituni.

Bi Mwani

Mchumi, mimi niko Paje, Unguja, na utalii usio na dohani naamka nao kila siku. Nikwambie unavyofanana.

Mwani ulianza kulimwa hapa Paje na Jambiani mwaka 1989. Walioushika ni wanawake. Kwa mara ya kwanza mama zetu walikuwa na pesa ambayo haikupita mkononi mwa mume. Tulikuwa tukilima aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei. Sasa kotonii huku kwetu imekufa. Maji ya kina kifupi yanapata moto, mwani unageuka mweupe, unanyong'onyea, unakatika kwenye kamba. Umebaki spinosamu wa bei ya chini, nao tunaufuata mbali zaidi, na wengi wetu hatujui kuogelea. Hayo hatukuyafanya sisi. Moto wa bahari umetoka kwa wenye madohani.

Lakini na sisi tuna letu. Vigingi vya kufungia kamba ni vijiti. Kila shamba linataka mamia, vinaoza, unakata vingine. Nimeshavikata mimi mwenyewe kwenye mikoko ya Chwaka kabla sijaelewa.

Na hayo mahoteli. Mwaka 2012 ulifanywa utafiti wa maji Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Nyumba ya mwananchi ilitumia lita 93 kwa siku, nyumba nzima. Chumba kimoja cha mgeni kwa wastani lita 1,482. Katika hoteli ya nyota tano lita 3,195. Maji hayo yanavutwa kwa pampu, pampu zinavutwa kwa umeme, na kisima cha kijiji kikishavutwa sana kinaingia chumvi. Kwa hiyo Mwalimu, bonde la mama yako limeingia chumvi juu ya ardhi, visima vyetu vinaingia chumvi chini ya ardhi. Dohani silioni, lakini maji nayaonja.

Kijana wa Diko

Jamani mnasema kuni kama vile watu wanazichezea. Mimi nachemsha dagaa.

Asiyejua kazi hii nimwelezee. Boti zinashusha alfajiri. Dagaa hakai, jua likipanda ameshaharibika. Anaoshwa, anatiwa katika vichungio, anachovywa kwenye pipa la maji ya chumvi yanayochemka, dakika chache tu, kisha anaanikwa. Akikauka anafungwa viroba, wanunuzi wanakuja hadi dikoni, pale boti zinaposhusha, wengine Wakongo, anasafirishwa hadi kule. Hiyo ni biashara ya nje, watu wamejengea nyumba.

Na pipa linataka moto mkubwa usiokatika. Kuni zinakuja kwa gari. Mwanzo ilikuwa mivinje na miembe iliyozeeka. Sasa miembe mizima inauzwa ingali inazaa, mwenye shamba anapiga hesabu anaona gogo linamlipa leo na embe zitamlipa msimu ujao. Sisemi ni vizuri. Nasema niambieni nichemshe kwa nini. Gesi kwa pipa kama lile? Umeme? Umeme wa dikoni haubebi hata friji.

Mchumi anasema pesa ikiingia kuni zitaachwa. Kwangu pesa imeingia, na kuni zimezidi. Mwaka dagaa akiwa na bei ndio mwaka magari ya kuni yanapishana njiani.

Mchumi wa Vuga

Kijana wa Diko, umenikamata, na nakubali. Kinachoshuka katika ule mkunjo ni uchafu ambao wenye pesa na sauti wanauvuta puani. Salfa ilikuwa inawakohoza watu wa mjini, wakapiga kelele, ikatungwa sheria. Mwembe uliokatwa shamba haumkohozi mtu wa mjini Vuga. Hilo nililisoma likanipita.

FundiWaya

Mimi nimefanya kazi za umeme miaka mingi, Unguja na Pemba. Wacha niseme kwa nini chungu hakijahama, maana watu hudhani ni ushamba.

Kwanza hofu. Unguja waya wa mwanzo kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, hadi Fumba uliwekwa 1980, megawati 45. Ulizeeka, mahitaji yakaupita. Mwaka 2008 tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Disemba 2009 ukakatika tena, tukarudi kuona taa Machi 2010. Miezi mitatu! Maji nayo yakakatika kwa sababu pampu ni za umeme. Pemba wakati huo, na majenereta yao ya Wesha ambayo sisi wa Mjini tulikuwa tukiyacheka, walikuwa wana taa. Waya wa pili wa megawati 100 ulikuja 2013 kwa msaada wa Marekani. Sasa mtu aliyepitia miezi ile mitatu, utamwambia autupe seredani wake, lile jiko la makaa? Hatupi. Atakuwa nao chini ya ngazi hadi afe.

Pili, waya wa Pemba. Nifanye hesabu ya kidole. Sensa ya 2022 inaipa Pemba watu zaidi ya 540,000. Gawa nyumba za watu watano watano, zinakaribia laki moja na kidogo. Kila nyumba iwashe kifaa cha kilowati 1 saa moja kabla ya magharibi, mwezi wa Ramadhani, wote wanapika futari: hiyo ni megawati 100 na zaidi kwa mpigo. Waya wa kilovolti 33 kutoka Tanga haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo tukisema leo watu wote wahamie umeme, tunasema uongo. Inabidi waya mkubwa zaidi, au jua na betri hapo hapo kisiwani, au yote mawili.

Tatu, wengi wanadhani kupikia umeme ni lile koili jekundu. Lile linakula. Kuna chungu cha umeme cha shinikizo, mfuniko unafungwa, kikishachemka kinajizima kinakaa na joto lake. Nyumbani kwangu nimetazama Tukuza, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, kabla na baada ya kupika: kilo ya maharage haikufika nusu yuniti. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini.

Mama wa Limbani

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa nyumbani Wete, nasoma tu siku zote, leo nimeona niandike maana hapa wanazungumza wanaume kuhusu jiko.

Hamjauliza anayepika analipaje.

Makaa nanunua kwa kopo. Nina pesa ya kopo moja leo, napika leo. Kesho Mungu mkubwa. Nikikosa hata pesa ya kopo, watoto wanaokota makuti, makumbi, vifuu, chungu kinachemka. Mtungi wa gesi unataka pesa nyingi kwa mara moja, na ukiisha katikati ya mwezi haujali mshahara umetoka au haujatoka. Mimi ninao mtungi, nilizawadiwa. Unakaa uani umefunikwa kanga. Nimeujaza mara mbili tangu niupate.

Tukuza nayo kwetu ni ya baba. Anatia yeye, kwa ajili ya taa na mpira. Nikipikia umeme ukaisha wakati wa mechi, ugomvi. Nikipikia makaa, pesa ya makaa imo katika pesa yangu ya matumizi na hakuna wa kuniuliza. Mwalimu, ukitaka kumjibu mwanafunzi wako, mwambie waya umeishia kwenye mita, na mita ipo mikononi mwa asiyepika.

Jambo jengine ni moshi. Mama yangu macho yake yameharibika na kifua hakimwachi. Hospitali walimuuliza kama anavuta sigara. Hajavuta hata siku moja.

Mwana wa Mkanyageni

Mama wa Limbani, nimesoma maneno yako mara kadhaa. Nilikuwa naandika habari za waya na nimekaa miaka yote na mke wangu jikoni sikumuuliza hilo. Leo nimemuuliza. Amecheka, kisha akaniambia yale yale uliyoyasema.

Naomba niingize kilimo, maana mada yangu ilianzia bondeni.

Kisiwa hiki ni kilomita za mraba 988, na Waarabu wa zamani walikiita Al-Khadhra, cha kijani. Sehemu kubwa ya kijani hicho si msitu. Ni mikarafuu, minazi na miembe, yaani ni shamba. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo sisi ndio tuliobeba karafuu. Msitu wa asili uliobaki wa maana ni Ngezi, uliohifadhiwa tangu 1959. Kwa hiyo ukisema mazingira ya Pemba, kwa kiasi kikubwa unasema hali ya mashamba yetu.

Nakumbuka miaka ambayo bei ya karafuu ilikuwa haina maana. Watu walikuwa hawapalilii. Mkarafuu ukikauka unakatwa, kuni zake nzuri, zinanukia. Na wapo waliokata usiokauka. Karafuu nzuri ilikuwa ikivushwa usiku kwenda Mombasa kwa magendo. Mwaka 2011 Serikali ilipompandishia mkulima bei, nikaona kwa macho yangu watu wale wale, mashamba yale yale, wanapalilia, wanapanda miche, wanalinda. Mtu anakesha shambani kwa ajili ya mti! Hapo pato lilikua na mti ukasimama. Kwa Kijana wa Diko pato limekua na mti umeanguka. Tofauti ninayoiona ni kwamba karafuu inakulipa mti ukiwa hai, na dagaa anakulipa mti ukiwa jivu.

Mfano mwengine ni popo wetu wa Pemba, wale wakubwa wasiopatikana pahali pengine duniani. Mwisho wa miaka ya 1980 walikaribia kutoweka, tulikuwa tukiwala. Watu wa Kidike na vijiji vyengine wakaamua kuwalinda, wageni wakaanza kuja kuwatazama, na hesabu zilizofanywa miaka ya 2000 zikapata zaidi ya 20,000. Watu wa kijiji hawakungoja kufika dola 4,000.

Na zile eka. Baada ya Mapinduzi watu waligaiwa ardhi eka tatu tatu, zina mikarafuu au minazi. Babu yangu alipata. Leo eka za pembezoni mwa barabara zinakatwa viwanja. Nyumba zinapanda, mchanga wa kujengea unachimbwa kwenye shamba jengine, na anayebaki bila ya shamba anapanda mlimani kulima muhogo kwenye mteremko. Mvua za masika zinauteremsha udongo wote hadi kwenye bonde la mpunga. Chumvi inakuja kwa chini, tope linakuja kwa juu, na mchele tunakula wa kuagizwa.

Mzee Konde

Wanangu nawasikiliza. Mnazunguka mbali. Tatizo ni watu na ardhi.

Sensa ya 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Ya 2022, watu 1,889,773. Kisiwa hakikuongezwa hata shubiri. Mimi nilipooa, ukitoka Konde hadi Vumawimbi unapita msituni unaogopa. Shamba la maweni tulilima, tukaliacha likapumzika hadi vichaka vikapanda, tukarudi. Sasa hapana mapumziko. Unavuna, unalima, unavuna, hadi ardhi inakuwa jiwe. Hata kila nyumba ipewe hilo chungu la umeme, kiwanja cha mjukuu wangu kitatoka wapi?

Mwana wa Mkanyageni

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la ardhi siwezi kukupinga, na sina dawa yake. Lakini tazama Kokota, kile kisiwa kidogo upande wa magharibi. Watu wamo, wanavua, wanaishi. Miti ilikuwa imekwisha. Wakapanda wenyewe, wakavuna na maji ya mvua, na sasa kuna kivuli. Idadi ya watu haikuwazuia. Na pale pale Kisiwa Panza, wavuvi walipokubaliana kuufunga mwamba kwa miezi wasivue pweza, walipoufungua pweza walikuwa wakubwa. Nikiona hayo nasema idadi inabana, ila haijaamua kila kitu.

Mzee Konde

Marahaba. Kokota naijua. Walipanda kwa sababu walikuwa hawana pa kukimbilia, wamezungukwa na maji. Sisi wa kisiwa kikubwa tunadhani tuna pa kukimbilia.

Kijana wa Diko

FundiWaya, nirudi kwako. Jiko sanifu la pipa la dagaa, la udongo na matofali, lenye mlango wa kuni na dohani, nimeona wenzetu wanalo diko jengine. Mwenye nalo anasema kuni zimepungua sana kwa pipa moja. Kuna mtu analijua kulijenga? Mie niko tayari kuchangia gharama na wenzangu wanne. Gesi hatuiwezi, lakini kuni kupungua tunaitaka, kwani kuni ni pesa yetu.

FundiWaya

Lipo, na ni rahisi. Siri ni moto usitoke pembeni mwa pipa. Mafiga ya wazi, upepo wa pwani unakupikia bahari. Nikija Pemba mwezi ujao nitakutafuta. Kuni ziwe kavu lakini, usichomeke mbichi ukasema jiko baya.

Bi Mwani

Na sisi vigingi tumeshaanza kupunguza. Wanakikundi wengine wanatumia kamba ndefu na maboya kwenye kina kirefu, vijiti havihitajiki vingi na maji kule ni baridi kidogo, hata kotonii inajaribika. Tatizo linataka boti na anayejua kuogelea. Tumeanza kujifunza kuogelea. Nina miaka 51.

Mwana wa Mkanyageni

Hongera sana dada yangu.

Nimemjibu yule kijana leo. Nilimwambia mchoro niliouchora unapima moshi wa mjini, na kwamba sisi bado hatujapimwa. Kisha tukaufuta. Nikawapa kazi: kila mmoja aende nyumbani aulize vitu vitatu. Jana kilipikwa nini, kwa moto gani, na pesa ya moto huo ilitoka mkononi mwa nani. Wasichana wakaanza kunong'ona kabla sijamaliza kusema, majibu wanayo tayari. Wavulana wakaniuliza kama wataulizwa kwenye mtihani.

Mama wa Limbani, swali la tatu ni lako.

Mama wa Limbani

Mwalimu, Mungu akulipe.

Na mimi nina habari. Ndugu yangu wa Mjini aliposoma uzi huu alinipelekea kile chungu alichokisema FundiWaya, alikuwa nacho hakitumii. Nimeongea na baba watoto: Tukuza tumegawa, ananipa pesa ya makaa ya wiki, naitia mwenyewe. Wiki ya kwanza alinuna. Jumatano nikapika kunde, nikaziacha zinajipika, nikenda kwa mama kumtazama, nikarudi zimeiva. Jioni akazila, hakusema neno, akaongeza sahani.

Chapati bado za seredani. Na samaki wa kuchoma siwezi kumpikia ndani ya kile kidude. Lakini makaa niliyonunua mwanzo wa mwezi bado nusu.

FundiWaya, kuna mpira mweupe ndani ya mfuniko, umeanza kulegea upande mmoja na mvuke unatoka. Nimeuliza maduka yote ya Wete, hakuna anayeujua. Ukija Pemba kwa ajili ya Kijana wa Diko, nichukulie na mimi. Kipenyo nimepima kwa uzi, shubiri moja na vidole vitatu.